Majivu ya Lengai na Nyasi za Serengeti

Kutoka Karatu hadi lango la Ndabaka, karibu na Ziwa Victoria, msafiri anapita katika karibu kila namna ya nyasi ambayo nchi yetu kavu inaweza kuotesha. Barabara inapanda milima ya Ngorongoro, inateremka kuelekea Olduvai, inakata tambarare zisizo na mti hata wa dawa, inafika Seronera kwenye migunga, kisha inafuata Mto Grumeti kwenda magharibi. Sehemu kubwa ya nyasi hizo ni za kudumu: kiangazi kikiingia majani hukauka, lakini mashina ya chini na mizizi hubaki hai, yakangoja mvua. Mahali pengine hazifiki hata kwenye kifundo cha mguu, na mahali pengine nyumbu akilala huwezi kumwona.

Nilipita njia hiyo mwishoni mwa Februari. Dereva wangu, kijana wa Mto wa Mbu mwenye jicho la kumwona chui juu ya mti kabla hujamaliza kuuliza yuko wapi, alidhani namtania nilipomwambia nimekuja kuangalia nyasi. "Nyasi, mzee? Mbona hata kwetu zipo?" Zipo, ndiyo. Ila muulize mtu yeyote kwa nini nyasi za hapa ni fupi na za pale ni ndefu, atakujibu kwa neno moja: mvua. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Mvua inaamua lini nyasi zitachipua. Ni nyasi gani, zitafika urefu gani na zitakuwa na lishe gani, hayo kwa sehemu kubwa yanaamuliwa chini ya ardhi. Na kwa kuwa sheria za hifadhi hazimruhusu mgeni kuchimba hata kishimo, ilinibidi niusome udongo pale ulipokwisha kufunuliwa: kwenye kingo za makorongo, kwenye mitaro ya barabara na kwenye matundu ya ngiri.

Somo la kwanza linapatikana kabla hata ya kufika Serengeti. Upande wa mashariki wa kreta ya Ngorongoro mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga milima na kumwaga maji, na msitu wake ni mzito, umejaa ukungu na kuvumwani. Ukishavuka ukingo na kuanza kuteremka kuelekea bonde la Malanja, unaingia upande ambao mvua haifiki vizuri. Udongo bado ni wa volkano, mwororo na wenye rutuba, na kwa kuwa ni mahali pa juu penye baridi, maji hayapotei upesi. Hapo unakutana na mafungu makubwa ya Eleusine jaegeri, nyasi ngumu ambayo ng'ombe huiacha labda awe na njaa kali. Kila ng'ombe anapochagua jirani yake aliye laini, yenyewe inapata nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana malisho yaliyochoka huko juu bado yanaonekana ya kijani na yaliyojaa ukiyatazama kupitia dirisha la gari. Mfugaji hadanganyiki kwa rangi hiyo.

Tulisimama kumsalimu mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga karibu na barabara. Nilimuuliza, baada ya habari za mifugo na za watoto, kwa nini ng'ombe wake wako huku juu kwenye majani magumu ilhali kule chini tambarare yote imechanua kijani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapeleki ng'ombe wake kunywa sumu. Chini kuna nyumbu wanaozaa, alisema, na nyumbu anayezaa anaua ng'ombe. Jambo hilo madaktari wa mifugo wanalijua vizuri: ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye, lakini ng'ombe akiambukizwa kwa kawaida hufa. Kwa hiyo katika miezi ambayo nyasi za tambarare ni bora kuliko nyasi nyingine zote za eneo hili, Wamaasai huwaondoa ng'ombe wao na kuwaachia nyumbu. Nilitaka kujua ubora huo umetoka wapi.

Umetoka kwenye volkano. Mlima wenyewe, Ol Doinyo Lengai, sikuuona; umejificha nyuma ya milima, upande wa kaskazini-mashariki. Ni volkano ya pekee duniani. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson aliiona lava yake ikitiririka na kutambua kwamba haifanani na ya volkano nyingine: ni lava ya kaboneti, yenye sodiamu, potasiamu na kalsiamu kwa wingi, nyepesi kama uji, na joto lake ni takriban nyuzi za Selsiasi 500 hadi 600, yaani karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Ikitoka ni nyeusi. Ikishapata unyevu inageuka kuwa nyeupe. Mara kwa mara mlima huo huacha kutiririka na kulipuka, ukarusha majivu juu angani, kama ulivyofanya mwaka 1966 na tena 2007. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo majivu yanakwenda magharibi, yanaangukia tambarare. Kabla ya Lengai kulikuwa na Kerimasi, jirani yake ambaye sasa amelala, na kabla ya Kerimasi kulikuwa na volkano nyingine za milima hii. Tambarare za kusini-mashariki mwa Serengeti zimerundikwa na mikono hiyo kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Anayetaka kuuona upepo huo kwa macho aende kwenye mchanga unaohama, karibu na Olduvai. Ni kilima cha majivu meusi chenye umbo la mwezi mwandamo, na husogea kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka. Vigingi vimechomekwa kuonyesha kilikuwa wapi miaka iliyopita. Dereva alichota majivu kiganjani, akayaachia, nayo yakadondoka yakishikana, maana yana chembe za chuma zenye usumaku.

Olduvai watu huenda kwa ajili ya mafuvu. Mary Leakey alipata pale mwaka 1959 fuvu lililoipa Tanganyika jina katika kila kitabu cha historia ya binadamu. Mimi nilitumia muda wangu zaidi kwenye sehemu ya juu ya ukingo wa korongo, ile ambayo waongozaji wageni huiruka. Chini kidogo ya mizizi ya nyasi kuna tabaka jeupe, gumu, ambalo ukiligonga kwa jiwe linalia. Ni chokaa. Ndilo linaloeleza mambo mengi kuliko mvua.

Tabaka hilo halikuanguka kutoka angani likiwa tayari. Majivu yanapoanguka yanakuwa na kalsiamu ndani yake. Mvua inayonyesha inaiyeyusha na kuishusha. Lakini kusini-mashariki mvua ni haba, kama milimita 500 kwa mwaka au pungufu, kwa hiyo maji hayana nguvu ya kufika mbali. Yanaishia chini kidogo, mara nyingi hayafiki hata mita moja, kisha jua na mizizi huyavuta kurudi juu. Maji yanaondoka, chokaa inabaki. Mwaka baada ya mwaka, kwa maelfu ya miaka, inaganda pale pale maji yanapoishia hadi inakuwa sakafu. Mti hauwezi kushusha mzizi kwenye sakafu hiyo. Ndiyo sababu kubwa ya tambarare zile kuwa tupu. Na udongo ulio juu yake, kwa kuwa ni wa kina kifupi, unashika maji machache tu. Mvua ikinyesha leo, baada ya siku chache tambarare ni ya kijani. Jua likiwaka kwa wiki kadhaa mfululizo, imerudi kuwa rangi ya mkate.

Nyasi inayoishi hapo lazima iwe na tabia maalumu. Lazima ijue kuamka haraka na kulala haraka, iwe na mizizi mingi karibu na uso wa ardhi badala ya michache ya kwenda mbali, na istahimili udongo wenye magadi. Kwa hiyo unakuta Digitaria macroblephara, unakuta jamii ya Sporobolus, na kati yao Kyllinga nervosa, ambayo kwa kweli si nyasi bali ni jamii ya ndago, ingawa nyumbu hana habari na tofauti hiyo. Karibu na maziwa ya magadi kama Ndutu, ambako chumvi imezidi kabisa, hata hizo zinashindwa na kuiachia nafasi Sporobolus spicatus, yenye ncha kali zinazochoma vidole.

Lakini je, ni fupi kwa sababu ya udongo au kwa sababu zinaliwa? Swali hili liliwatafuna wataalamu kwa muda mrefu, na jibu lake ni tamu. Samuel McNaughton wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, alianza kufanya kazi Serengeti miaka ya 1970, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa rahisi: zungushia uzio kipande cha ardhi, wanyama wasiingie, uone nyasi zitafanya nini. Ndani ya uzio nyasi zilirefuka, na baada ya muda aina ndefu zilianza kuzifunika aina fupi. Kwa hiyo mdomo wa mnyama una kazi. Nyasi ya kudumu ya namna hii imezoea kukatwa: sehemu yake inayokua iko chini kabisa, karibu na udongo, mahali ambapo meno hayafiki. Ukiikata ncha haijeruhiwi sana. Inatoa chipukizi nyingine laini, na mkojo na samadi ya mkataji vinairudishia sehemu ya kilichochukuliwa. Hata hivyo uzio wa tambarare za nyasi fupi hautoi nyasi ndefu za kaskazini. Zinafika pale udongo unapoziruhusu, zinasimama. Nionavyo mimi, mnyama anapunguza nyasi, udongo unaweka dari.

Sasa tuje kwenye ubora. Nilipofika maeneo ya Ndutu nyumbu walikuwa wametapakaa hadi upeo wa macho, na kati yao ndama wa rangi ya udongo mwekundu, miguu mirefu, wakikimbia bila sababu. Wako nyumbu zaidi ya milioni moja katika mfumo huu wote, na idadi kubwa ya majike huzaa ndani ya wiki chache, kati ya Januari na Machi, kwenye tambarare hizi. Mtu angesema wamechagua vibaya. Maji ya kunywa ni ya shida, kivuli hakuna, na huko kaskazini kuna nyasi nyingi mara kadhaa kuliko hizi. Lakini jike anayenyonyesha anahitaji kalsiamu na fosforasi za kutengeneza maziwa na mifupa ya ndama, na anahitaji sodiamu. Majivu yana vyote hivyo, na kwa kuwa mvua ni chache, havijasafishwa vikapotelea chini. Utafiti uliolinganisha nyasi za pande mbili umeonyesha kwamba fosforasi katika nyasi za nchi ya mvua haimtoshi jike anayenyonyesha. Kwa maneno mengine, mvua nyingi ambayo tungeiombea malisho yetu ndiyo inayoyafukarisha. Wanyama hawa hawahami kwa kufuata maji peke yake, kama filamu zinavyosimulia. Kwa nusu ya mwaka wanayakimbia maji na kufuata madini.

Kutoka kilima cha Naabi kuelekea Seronera niliomba tuende polepole. Dereva, ambaye kufikia hapo alikuwa ameanza kupendezwa au kunihurumia, alikuwa akisimama bila kuambiwa kila nyasi zilipobadilika. Na zinabadilika kweli. Kadiri unavyokwenda kaskazini-magharibi, majivu yanapungua unene na chembe zake zinakuwa ndogo, kwa kuwa nzito zilianguka karibu na mlima. Mvua inaongezeka. Chokaa inasukumwa chini zaidi, sakafu inazama, mizizi inapata chumba. Mwaka 1965 G. D. Anderson na L. M. Talbot walichapisha utafiti wao juu ya jinsi udongo wa tambarare za Serengeti unavyogawa aina za nyasi na jinsi wanyama wanavyozitumia; mtu akiwa na ramani yao ya mawazo kichwani anaweza kuendesha gari na kubashiri. Hapa ni fupi. Hapa ni za kati. Hapa katikati inatokea Andropogon greenwayi, nyasi inayojulikana hasa kutoka nchi hii ya Serengeti, iliyopewa jina kwa heshima ya Peter Greenway, mtaalamu wa mimea aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Ni Greenway huyohuyo aliyetuachia kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, iliyochapishwa 1937, kitabu ambacho kingefaa kuwa mezani kwa kila mwandishi wa habari za kilimo.

Kisha, bila tangazo, nyasi zinafika magotini. Themeda triandra, nyasi nyekundu, inaanza kutawala: mashuke yake yanageuka rangi ya kutu yanapokomaa, na tambarare nzima inaonekana kama imechomwa na machweo. Pamoja nayo ni Pennisetum mezianum, yenye mashina magumu kama vijiti. Kwa macho ya mpiga picha huu ndio utajiri wa Serengeti. Kwa mdomo wa nyumbu ni chakula cha akiba. Nyasi ndefu inalazimika kujenga shina la kujishikilia, na shina ni nyuzinyuzi. Udongo wenye kina na maji mengi umeipa kimo, na kimo kimeichukulia utamu.

Isidhaniwe kwamba udongo unafanya kazi peke yake. Themeda inataka kupunguzwa, kwa moto au kwa meno. Ikiachwa miaka mingi inajisonga kwa majani yake makavu. Ikiliwa bila kupumzishwa nayo inatoweka. Nyumbu walikuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe wa vijiji jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Nyasi zilizoliwa na hao walioongezeka hazikubaki kuwa kuni za moto wa kiangazi, moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi katika sehemu za hifadhi. Chanjo ya ng'ombe wa mwanakijiji iliotesha migunga ndani ya hifadhi! Lakini angalia ilikoota: kule ambako mizizi ina pa kupita. Kwenye sakafu ya chokaa haikuota.

Kuna mahali padogo padogo panapovunja utaratibu wote huu, na ndipo nilipopapenda zaidi. Kwanza ni miamba, vile visiwa vya mawe ya kale vinavyochomoza tambararani. Mwamba hauinywi mvua. Unaimwaga pembeni, kwa hiyo ukanda mwembamba unaouzunguka unapata maji mara kadhaa zaidi ya tambarare iliyo hatua chache tu kutoka hapo, na nyasi zake ni ndefu, na mti unapata ufa wa kushusha mzizi. Pili ni vichuguu. Mchwa hupandisha udongo wa chini juu, wakaulegeza na kuurutubisha, na juu ya kichuguu cha zamani mara nyingi utakuta zulia la ukoka likiwa kijani wakati kila kitu kimekauka. Tatu ni maboma yaliyohamwa. Samadi ya zizi inabaki ardhini muda mrefu kuliko familia iliyoiacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mahame ya wafugaji wa kale huko Narok, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, ulionyesha kwamba rutuba ya mazizi yao bado ipo baada ya miaka kama 3,000, na wanyamapori bado wanavutwa na nyasi zake. Tunaposikia kwamba mfugaji ni adui wa mbuga, tukumbuke na hilo.

Magharibi ya Seronera ardhi inaanza kuwa na vilima na mabonde, na hapo nilihitaji msaada wa mtu mwingine wa Amani. Geoffrey Milne alikuwa mkemia wa udongo. Katika miaka ya 1930 alizunguka Tanganyika na kuona jambo ambalo wakulima walilijua lakini wataalamu wa ramani hawakuwa na namna ya kulichora: kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni, ingawa ni wa aina tofauti kabisa, umefungamana kama pete za mnyororo, kwa kuwa maji yanachukua kutoka juu na kuweka chini. Mwaka 1935 aliuita mpangilio huo kwa neno la Kilatini, katena, na hadi leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanalisoma neno hilo ambalo mfano wake ulitoka kwetu. Alifariki kabla taarifa ya safari yake ya uchunguzi wa udongo haijachapishwa; ilitoka 1947.

Mnyororo huo niliukuta mara tu baada ya kuvuka kijito. Juu ya kilima udongo ni wa kichanga, mwekundu au kahawia, maji yanapita, na nyasi zimesimama kwa mafungu yenye nafasi katikati. Mteremkoni kuna sehemu za udongo wa kijivu ulioshikana, wenye magadi, ambako maji hayazami; pamebaki vipara, na palipo na nyasi ni fupi, zimetafunwa kabisa na swala, ambao nao wanatafuta chumvi. Bondeni ni mfinyanzi mweusi wa mbuga. Huo hauhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuendesha gari Shinyanga au Kilosa: kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiatu, masika unavimba na kushika kila kinachougusa. Mizizi dhaifu hukatwa na nyufa hizo, na mvua zikizidi mizizi mingine hukosa hewa ikaoza. Zinazobaki ni sugu, Pennisetum mezianum mbele yao, pamoja na vile vigunga vifupi vyenye nundu ambazo chungu wamezifanya nyumba. Tulikwama hapo mchana mmoja. Dereva alitoa jembe na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda mabishano, "Haya mzee, sasa udongo unausoma vizuri."

Tulitoka lango la Ndabaka jioni na kulala Lamadi. Nje ya lango ni nchi ya Wasukuma, na ghafla elimu ambayo nilikuwa nikiiokota kwenye makorongo iko midomoni mwa watu. Mama muuza chai alipojua ninauliza habari za malisho alinitajia udongo wa kwao kama mtu anayetaja wajukuu: luseni, ule wa kichanga wa mteremkoni; itogolo, mgumu, wa kijivu, unaofaa kuchungia zaidi ya kulima; na mbuga, ambako sasa wengi wanalima mpunga. Kila mmoja ana nyasi zake na miezi yake. Na Wasukuma hawakuishia kutaja. Wana ngitili, kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi zikue na kuweka akiba kwenye mizizi, kisha kifunguliwe kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifanikiwa kwa kuurudisha utaratibu huo uliokuwa umefifia, badala ya kuleta mpya. Ngitili ni uzio wa McNaughton bila waya, nao ulikuwepo kabla yake.

Ninayaandika haya kwa sababu siku hizi mbegu za malisho zinauzwa na kugawiwa kila mkoa, na mfugaji anaulizwa ana ekari ngapi, haulizwi ana udongo gani. Cenchrus ciliaris hupenda udongo mwepesi wa nchi kavu na huchukia maji yaliyotuama. Ukiipanda kwenye mbuga nyeusi, masika ya kwanza yataimaliza. Chloris gayana inastahimili chumvi kiasi. Mabingobingo yanataka kina, rutuba na mvua nyingi, na juu ya sakafu ya chokaa hayatakupa kitu. Hizi zote ni nyasi za Afrika; mbegu zake zimekwenda kuneemesha malisho ya nchi za mbali, huku kwetu tukizipanda kwa kubahatisha.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, kabla hujalipia kilo moja ya mbegu, chimba mashimo matatu ya kina cha mita moja: moja juu ya shamba lako, moja mteremkoni, moja bondeni. Angalia jembe linagota wapi. Chukua bonge la udongo mweupe uliloligonga, ulidondoshee siki au maji ya ndimu. Likitoa povu, hiyo ni chokaa. Siku ya mvua kubwa, hesabu maji yanakaa saa ngapi kabla ya kuzama. Kisha mwite afisa mifugo wa kata aje mashimo yakiwa bado wazi, na umuulize mbegu anayokuletea iliota vizuri kwenye udongo wa namna gani.